Safari Iliyopangwa ili Koko Asiende

Papa hakuwahi kumkataza Koko jambo lolote. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wazee wa kanisa letu ambao hadi leo wanalitaja kama sifa yake. Ni kweli, hakumkataza. Alichofanya ni kupanga mambo kwa adabu, kisha akaiacha adabu yenyewe imkatalie.

Koko alikuwa mama mzazi wa mama yangu. Kwetu, huko milimani Kivu ya Kusini, mwanamume na mama mkwe wake hawali pamoja, hawaketi jirani, hawalali chini ya paa moja, wala hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Nyumbani hilo halikuwa jambo gumu, maana mama mkwe alikaa kijiji chake na mkwe chake, wakaonana kwenye msiba. Vita ndivyo vilivyotutupa sote kwenye kiwanja kimoja huko Kashojwa, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ng'ambo ya mpaka, na waliotugawia kiwanja hawakuuliza nani ni mkwe wa nani. Papa alimjengea Koko kibanda nyuma ya nyumba, mlango ukitazama mihogo, na akitaka kwenda chooni ilimbidi Koko akohoe kwanza ili Papa ageuke.

Kuongea moja kwa moja hawakuongea. Mimi, mtoto wa kwanza, ndiye niliyekuwa barabara yao. Papa alisimama upande huu wa nyumba akasema, "Ambia koko yako hivi na hivi," na Koko alikuwa ameshasikia kila neno, lakini alingoja nizunguke nyumba nzima nimfikishie. Kisha nirudi na jibu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikuwa nimechoka na watu wazima.

Msidhani Koko alikuwa malaika. Askari walipoingia kijijini kwetu, Papa alitokea dirisha la nyuma akaenda zake, na Koko ndiye aliyembeba mdogo wangu mgongoni akatuvusha mpaka mahali pa usalama. Papa alitukuta Nakivale baada ya miezi, amenawiri. Koko hakumlaumu hata kwa neno moja. Alingoja jioni, Papa akiwa ndani amekaa, yeye akiwa nje ya ukuta wa udongo anachambua sombe, yaani majani ya mihogo, halafu akatuambia sisi wajukuu kwa sauti ya kutosha: "Papa yenu ana miguu mizuri. Mungu alimupa miguu." Kumjibu mama mkwe ni mwiko. Kesho yake jioni Koko alirudia. Mimi nilicheka kila mara, na Papa alinisikia nikicheka.

Habari ya safari ilianza Desemba ya mwaka 2004. Jirani yetu, ambaye jina lake lilikuwa limetoka kwenye orodha ya kwenda Amerika, aliwapeleka watoto wake mjini Mbarara kutembea, akarudi na picha kubwa ya familia nzima, akaitundika sebuleni na kuacha mlango wazi mchana kutwa. Papa alipita mbele ya ule mlango akienda sokoni Base Camp kuuza nguo zake za kaguwa, yaani mitumba, akapita tena akirudi. Wivu ulimkondesha. Siku ya tatu alitangaza kwamba na sisi tutakwenda vakansi, likizo, Mbarara, familia nzima, na kwamba tutapigwa picha ya kupeleka kwa ndugu zake waliobaki mji wa Baraka, kule kwetu, waone kwamba hakupotea na watu wake hawakupotea.

Koko alipolisikia hilo aliacha kuchambua sombe. Alikuwa amezaa watoto wengi, na wote isipokuwa mama walikufa kule. Nyumba iliungua na picha zikaungua ndani yake. Aliniambia, mimi peke yangu, kwamba uso wa mwanawe wa pili umeshampotea, anakumbuka masikio tu. Kila usiku aliutafuta akaukosa.

"Sipendi munipoteze vile," alisema. "Nataka picha moja, miye na ninyi bote. Hata nikikufa kesho, muko na mimi."

Hakuwahi kuomba kitu kingine pale kambini. Hakuomba kiatu, hakuomba dawa ya magoti. Nilizunguka nyumba nikampelekea Papa ombi hilo kama lilivyo, na Papa alitabasamu akasema hakuna shida, familia ni familia. Nilikimbia kumrudishia Koko jibu. Nilifurahi kiasi kwamba sikuona kuwa mama, aliyekuwa anapepeta maharagwe, hakufurahi hata kidogo. Mama alimjua mumewe.

Papa alijua kupanga bila kutoa jasho la mfuko, lazima nimpe haki yake. Gari la kukodi alilikataa. Kulikuwa na pikapu ya maziwa iliyotoka Endiinzi kwa wafugaji kila asubuhi, ikipita karibu nasi kwenda Mbarara, na dereva wake alipenda mashati ya Papa. Shati moja na suruali moja zilitosha kutubeba sote nyuma, katikati ya madebe ya maziwa. Chakula tungebeba wenyewe: unga, maharagwe, ndakala, wale dagaa wetu, na jiko la makaa. Pa kulala aliomba kwenye kanisa moja la Wakongomani wenzetu kule mjini, ambalo lilikuwa na chumba cha akiba uani. Yote haya yalikuwa mazuri, na mama alianza kupumua. Kisha Papa akaniita.

"Ambia koko yako," alisema, "mu gari ya maziwa fasi ya mbele dereva amepatia mutu wake. Nitakaa nyuma na batoto. Kwa hiyo sijui yeye atafanya namna gani, na heshima."

Alilisema kwa huzuni. Mtu asiyemjua angempa pole. Mkwe na mama mkwe kwenye karai moja la pikapu, goti kwa goti kwa saa kadhaa, ni jambo ambalo mwanamke mwenye adabu hulikataa mwenyewe, na ukilikataa mwenyewe nani atasema umefukuzwa?

Koko hakufikiri sana. "Ambia papa yako fasi iko nyuma ya madebe. Miye niko mudogo. Nitajifunika."

Siku mbili zilipita. Halafu Papa akakumbuka chumba. Ambia koko yako, alisema, chumba ni kimoja tu, na mimi nitalala humo na mke na watoto, sasa aibu hiyo tutaiweka wapi. Koko akajibu kwamba kama kuna chumba cha kanisa basi kuna na kanisa, na kanisa lina mabenchi. Atalala benchini, Mungu si mkwe wake. Nilipomfikishia Papa maneno hayo alinitazama mimi kana kwamba nimeyatunga, akanipiga kofi kwa ajili ya ile sehemu ya Mungu.

Tuliondoka kabla jua halijapanda. Koko alipanda kwanza, akaketi kwenye kona kabisa, akageukia bodi ya gari na kujifunika kitenge kichwa chote. Dereva na utingo wakapanga madebe mbele yake mpaka hakuonekana. Ndipo Papa alipopanda, akaketi upande wetu, akanyoosha miguu. Dereva, Mnyankole mwenye haraka, alimuuliza Papa, akitumia neno la kwao la bibi kizee, "Huyu mukaikuru nafunikwa kwa nini? Nagonjwa?" Papa akamwambia ni desturi. Dereva akacheka akasema desturi yetu inafanana na ya kubeba kuku.

Barabara ilikuwa mbovu na mifuniko ya madebe haikukaza. Kila shimo tulilopita maziwa yaliruka, na tulisikia Koko akishtuka kule nyuma. Wadogo zangu wawili walimsimulia wanachokiona, ng'ombe wa pembe ndefu, vilima, shule yenye rangi ya bluu, wakipaza sauti juu ya madebe. Yeye aliitikia "ehe" kutoka ndani ya kitenge. Papa aliwaambia wanyamaze, wanamchosha bibi yao. Tulipofika Mbarara na madebe yakashushwa, Koko alikuwa ameloa mgongo mzima, na alinuka maziwa yaliyoanza kuchacha. Nzi walimfuata siku zote tulizokaa kule.

Vakansi yenyewe ilikuwa ya kutembea, kwa kuwa kutembea hakulipiwi. Papa alitupeleka mtaa wa Kamukuzi kutazama mageti ya wakubwa. Alikwenda mbele kabisa, mikono nyuma, sisi tulifuata, Koko alikuja mwisho, mbali, magoti yakimuuma kilimani, na mama katikati akigeuza shingo mbele na nyuma asijue amngoje nani. Kila Koko alipotukaribia, Papa aliongeza mwendo. Kwa adabu, bila shaka. Kwenye geti moja askari alitusimamisha akauliza tunamtafuta nani. Papa akasema tuko kwenye vakansi.

"Kumbe mukimbizi pia nakuwa na likizo," askari alisema, akawaita wenzake waje watuone.

Papa alicheka nao. Ilimbidi. Nilimtazama akicheka nikamchukia, na nikamhurumia kidogo, na ile huruma ikaniudhi zaidi.

Koko alilala kanisani kama alivyosema. Chakula chake mama alimpelekea nyuma ya vyoo vya kanisa, kwa kuwa uani Papa alikuwa ameweka kiti chake katikati na hakukitoa. Mke wa mchungaji aliona, akamuuliza mama ni kosa gani alilo nalo yule mzee. Mama akajibu, "Hana kosa, ni mama yangu." Sijui kama alijisikia alivyosema.

Usiku uliotangulia picha, mama alifanya jambo ambalo halikuwa kawaida yake: alimwomba mumewe. Alimwomba mbele ya mchungaji, ili ashindwe kukataa. Alisema zipigwe picha mbili. Ya kwanza ya Papa na sisi. Kisha Papa atoke, Koko aingie, ipigwe ya pili. Mchungaji akasema hiyo ni hekima. Papa naye akasema ni hekima. Mama alikuja kunitafuta, akanikumbatia, akaniambia nimpelekee bibi yangu habari hiyo, na kwa mara ya kwanza nilizunguka jengo nikiimba.

Koko aliamka mapema akajipaka mafuta. Alifunga kitambaa kipya kichwani, alichokuwa amekikunja na kukitunza tangu kambini, akakaa kwenye ngazi za kanisa akiwafukuza nzi.

Studio ilikuwa kwenye barabara kubwa, chumba chembamba chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Kulikuwa na kiti cha kifalme cha velveti nyekundu, na stuli mbili. Waliotaka kupendeza waliazimwa koti na tai. Papa aliazimwa koti la bluu, kubwa mno, na mpiga picha akalibana kwa nyuma kwa vibanio vya nguo ili kwa mbele likae sawa. Koko alingoja nje mlangoni, ameupa chumba mgongo, kama inavyotakiwa. Papa aliketi kwenye kiti. Akajitazama kwenye kioo. Kisha, bila kunitazama, akaniambia kwa sauti ya kawaida:

"Ambia koko yako picha ni moja. Ya pili haiko."

Mama akasema, "Papa ya batoto, jana ulikubali." Yeye akamjibu kwamba jana hakujua bei ya mji. Kisha akarekebisha tai.

Sikwenda. Hiyo ndiyo mara pekee niliyokataa kuwa barabara yao, na haikusaidia kitu, kwa kuwa Koko alikuwa mlangoni na masikio yake yalikuwa mazima. Niliona mgongo wake. Haukutingishika.

Aliyeharibu mambo, au aliyeyatengeneza, alikuwa mpiga picha. Alikuwa kijana wa pale pale Mbarara, hakujua lolote la kwetu. Aliona mwanamume ameketi kama chifu, na kikongwe amesimama nje na mafuta usoni, akadhani anaona utovu wa adabu.

"Muzee, mama yako nasimama inje kwa nini?" alimwambia Papa. "Mukaikuru, kuja. Kaa hapa karibu na mutoto yako. Picha bila mama si picha."

Akavuta stuli akaiweka ubavuni mwa Papa.

Koko aligeuka. Aliingia bila kuharakisha, akapita mbele ya mama, akaketi kwenye stuli ile, bega lake likagusa lile koti la bluu. Kisha akafungua kitambaa chake kipya, akakiweka mapajani, akabaki kichwa wazi, nywele nyeupe chache zimesimama. Kwetu mama mkwe akimvulia mkwe wake kitambaa cha kichwa ni sawa na kumvulia nguo. Akageuza uso akamtazama machoni. Miaka yote ile sikuwahi kuona macho yao yakikutana.

"Mukwe yangu," alimwambia, "kaa. Batupige."

Papa alikimbia. Sisemi alitoka, nasema alikimbia, akapiga stuli teke, akagonga taa, akatokea mlangoni hadi barabara kubwa na vibanio vya nguo vimejipanga mgongoni. Mpiga picha alimfuata akipiga kelele za koti. Watu wa maduka jirani walitoka kutazama. Koko hakusimama hata kuchungulia.

"Munaona?" alituambia sisi wajukuu. "Miguu ingali mizuri."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mpiga picha alirudi na koti, anahema, amekasirika, akasema pesa imeshalipwa na harudishi, kwa hiyo tujipange. Koko akahamia kwenye kiti cha velveti. Tukapigwa. Ndiyo picha aliyoitaka: yeye katikati, kichwa wazi, sisi wote aliobakiwa nao tumemzunguka. Mimi nimeonekana nacheka. Mama hakuitazama kamera. Alikuwa anatazama mlango.

Tuliporudi Kashojwa, Papa alikuwa ameshafika, na wazee wa kanisa walikuwa wameketi uani. Walimuuliza Koko kama ni kweli alivua kitambaa. Akasema ni kweli. Wakasema kwa desturi ni mbuzi mmoja na kuku mweupe wa kusafisha jambo, na kwa kuwa sisi ni Wakristo, maombi yanaweza kutosha. Papa aliinua mkono. Alisema kwa upole kwamba mbuzi hamtaki, kuku hamtaki, amekwisha kusamehe. Wazee wakamsifu. Shida yake ni moja tu, akaendelea: hawezi tena kukaa kiwanja kimoja na mtu aliyemvulia kitambaa, mwili unamkatalia. Na kwa vile hawezi kumfukuza mzazi, ataondoka yeye. Atapanga chumba Base Camp. Mke na watoto wabaki na Koko, hana kinyongo.

Kila mtu pale uani aliwajua wanawake waliobaki peke yao kambini, na yaliyowapata. Mama aliwajua majina na vibanda vyao. Hakulia. Aliomba siku moja ya kufikiri, lakini sioni kama aliitumia, maana jioni ile ile alikwenda kwa mjane mmoja, upande wa kuelekea Endiinzi, aliyekuwa akitafuta mtu wa kumchungia mbuzi, akamwambia mtu yupo: mama yake mzazi.

Asubuhi Papa aliniita kwa mara ya mwisho kwenye kazi ile. "Ambia mama yako, koko achukue picha yake. Siwezi kumukataza. Lakini batoto ni bangu, na mama yako ni bibi yangu. Yeye achukue yake."

Nilimwambia mama. Alielewa haraka kuliko mimi. Aliingia ndani akatoka na wembe aliotunyolea nywele, akaketi kizingitini, akaiweka picha juu ya ubao wa kukatia mboga. Alianza na upande wake mwenyewe, kisha wangu, akaushika wembe wima ili usichane. Alikuwa na mkono mzuri, mama. Wadogo zangu walitoka mmoja mmoja. Aliziweka zile sehemu zetu kando, juu ya kanga, akapuliza vumbi la karatasi.

Koko alikuwa amesimama na kifurushi chake tayari. Mama alimkabidhi kipande kilichobaki, kichwa chake na mabega na kiti chekundu.

"Mama, sura yako ulitaka," alimwambia. "Ni hii."

Koko alikisogeza karibu na macho. Alikitazama muda mrefu. Kisha akauliza huu mkono hapa begani ni wa nani.

Mama akasema ni wa mdogo wangu wa mwisho, yule aliyebebwa mgongoni. Alikuwa amemshika bibi yake, na wembe haukuweza kuutoa bila kula bega.

Nilidhani Koko atafurahi. Nilidhani atasema asante, angalau mkono.

"Kata," alisema.

"Mama, nikikata nitaharibu bega yako."

"Miye niliomba ninyi bote, si mukono. Ukate."

Akamrudishia picha. Mama akaipokea, akailaza tena juu ya ubao, akaukata ule mkono.